Mafahali Wawili, Zizi Moja

Ilaze chali mezani, sumaku chini, uso juu, kisha iinamie. Ukingoni pana kitambaa kilichokunjwa na kupakwa gundi kikalainika. Baada ya ukingo inaanza koni ya karatasi nyeusi, inateremka taratibu kuelekea katikati. Na pale katikati, mahali ambapo spika ya kawaida huwekewa kifuniko cha kuzuia vumbi, pana tundu. Limulike kwa tochi ya simu. Ndani yake kuna kinywa cha pili, chembamba, kinachorudi nyuma hadi kwenye twita iliyofungwa mgongoni mwa sumaku. Sauti nzito inatoka kwenye koni, sauti nyembamba inapita katikati ya koni, na zote mbili zina mhimili mmoja. Kwa jina la kiufundi hii ni spika ya koaksiali. Aliyeniuzia pale Kariakoo aliiita tu "mbili kwa moja". Bonyeza karatasi kwa vidole vya mikono yote miwili, kwa upole, pande zote sawa: inazama, inarudi, haikwaruzi, na kilicho katikati hakijongei hata kidogo. Ni ya inchi nane, imetengenezwa kwa ajili ya monita za jukwaani, zile zinazolala miguuni pa waimbaji kanisani, na sura yake haina urembo wowote wa sebuleni. Lakini kila nikiitazama naona inabishana na wahenga. Walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hawa wamekaa, tena wamekaa kitovuni.

Kwa nini wawe wawili? Sikio changa lenye afya husikia mitetemo kuanzia 20 hivi kwa sekunde hadi 20,000. Wimbi la hezi 20 lina urefu wa mita 17, haliwezi kujinyoosha ndani ya nyumba yangu hata nikifungua mlango wa uani. Wimbi la hezi 20,000 lina milimita 17, haliuzidi sana upana wa ukucha wa dole gumba. Anayetaka besi anahitaji uso mpana, wa kusukuma hewa nyingi kwa mwendo mrefu. Anayetaka sauti za juu anahitaji kitu kidogo, chepesi, kisichokuwa na uzito wa kukichelewesha. Mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric, kule Marekani, walichapisha kazi yao juu ya spika ya koni inayosukumwa na koili iliyo ndani ya sumaku, na umbo lile la msingi ndilo tulilo nalo hadi leo. Hata ugomvi wake umebaki uleule: koni kubwa ni nzito mno kwa sauti za juu, koni ndogo haina kifua cha besi. Suluhu ya kawaida unaijua hata kama hukuwahi kuifikiria, maana imesimama sebuleni kwa jirani yako: wufa ya sauti nzito chini, twita ya sauti nyembamba juu, na kati ya vitovu vyao nafasi ya shubiri moja hivi.

Shubiri hiyo ndiyo inayonisumbua. Mchukue mwanamke mmoja anayeimba, na katika wimbo wake neno moja tu, "shemeji". Ile "sh" ni upepo unaopita kwenye meno, nguvu yake kubwa iko juu ya hezi 2,000, kwa hiyo inatoka kwenye twita. Irabu inayofuata imejengwa juu ya mtetemo wa koo wa hezi mia mbili na kitu, nayo inatoka kwenye wufa. Kinywa kilichokuwa kimoja kimegawanywa: meno yako juu, koo liko chini, na kati yao pana ubao. Lugha yetu, ambayo hutupa konsonanti na kuipokea kwa irabu bila kupumzika, inapandishwa na kushushwa ngazi hiyo kila silabi. Sikio halilalamiki, linashona kimyakimya, na fundi mzuri wa spika hulisaidia kushona. Ila mshono upo. Pale ambapo wufa na twita wanatamka sauti ileile kwa pamoja, tuseme hezi 2,000, wimbi lina urefu wa sentimita 17. Ukikaa mahali ambapo mmoja yuko karibu nawe kuliko mwenzake kwa nusu ya hizo, sentimita nane na nusu tu, huyu anasukuma hewa wakati yule anaivuta, na sauti hiyo inafifia mbele yako kana kwamba haikuimbwa. Ukiinuka kuchukua kikombe, wimbo unabadilika rangi. Ukikaa, unarudi.

Watu wengi wataniambia hawajawahi kulisikia badiliko hilo, na nawaamini. Sikio huuliza "wapi" kabla ya kuuliza "nini", na hufanya hivyo bila kutushirikisha. Sisi wa pwani tulilelewa na onyo lake: ukiitwa jina lako usiku nawe humwoni anayeita, usiitikie. Watoto tuliambiwa ni mambo ya majini, na labda ni hivyo, lakini chini ya onyo lile kuna hekima ya mwili: sauti isiyo na mahali haijawa ya mtu bado. Mwaka 1907 Mwingereza Lord Rayleigh alieleza jinsi kichwa kinavyotafuta mahali hapo. Kwa sauti nzito, sikio la kushoto na la kulia hulinganisha muda, nani amefikiwa kwanza. Tofauti iliyo kubwa kabisa ni milisekunde 0.6 au 0.7 hivi, na bado ubongo wa mtu asiyejua hata kusoma saa unaweza kung'amua tofauti ndogo kufikia sehemu moja ya mia ya milisekunde. Kwa sauti nyembamba muda hausaidii tena, mawimbi yamekuwa mafupi kuliko kichwa, basi hutumika kivuli: sikio lililo upande wa pili linapokea kidogo kwa sababu kichwa kimeziba njia. Mpaka kati ya njia hizi mbili uko kwenye hezi 1,500 hivi. Nilipolielewa hilo niliweka chini bisibisi nikacheka peke yangu. Kichwa chenyewe kina krosova, kigawanyo cha sauti! Nayo iko mlemle ambamo mafundi wa spika hukata wimbo vipande viwili, kwenye eneo ambalo sikio linabadilisha mkono.

Wazo la kuwarudisha mafahali kitovuni si la jana. Katikati ya miaka ya 1940 kampuni ya Altec Lansing, Marekani, ilitoa spika yake ya inchi 15 iliyoitwa 604, kazi ya James Lansing, ambayo pembe ya sauti za juu imepitishwa katikati ya sumaku ya wufa ikatokeza mbele ya karatasi. Mwaka 1947, London, Tannoy ya Guy Fountain ilitoa ya kwake, na humo ujanja ulisogezwa mbele zaidi: koni ya wufa yenyewe ndiyo iliyoendeleza pembe ya twita, mkubwa akawa mdomo wa mdogo. Kwa miongo mingi aina hizi mbili zilining'inia kwenye kuta za studio za Marekani na Uingereza, na hapo pana kichekesho ambacho sijaona wengi wakikicheka. Nyimbo zilipimwa na wahandisi kupitia kinywa kimoja, kisha zikapelekwa kuchezwa kwenye nyumba ambamo vinywa vilikuwa viwili au vitatu, vimepangwa wima.

Hata hivyo kushiriki mhimili si kushiriki mahali. Twita ya mtindo huo wa zamani, kama hii iliyo mezani kwangu, hukaa nyuma ya sumaku. Ikiwa iko sentimita kumi nyuma ya koni, sauti yake inaondoka ikiwa imechelewa karibu milisekunde 0.3, na tumeshaona sikio linavyohesabu. Jambo hilo lilisubiri sumaku. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Japani na Marekani walipata sumaku ya neodimi, ndogo na kali ajabu, na mwaka 1988 kampuni ya KEF, yenye makao Maidstone nchini Uingereza, ikaitumia kutengeneza twita iliyo ndogo kiasi cha kuingia shingoni mwa koni, pale hasa sauti ya wufa inapozaliwa. Waliiita Uni-Q. Mafahali wakawa si kwenye mstari mmoja tu bali kwenye nukta moja. Neodimi ni miongoni mwa yale yanayoitwa madini adimu, na yamo ardhini kwetu: yako Ngualla, mkoani Songwe, na yako Gakara, si mbali na Bujumbura. Spika yangu ina sumaku ya feraiti, nzito kama jiwe la kusagia, wala haidai undugu na Songwe. Lakini ni vizuri mtu akishika spika ndogo yenye sauti kubwa ajue kwamba ukubwa huo umechimbwa mahali, na kwamba wanaoishi juu ya machimbo mara nyingi huwa wa mwisho kusikia wimbo.

Wawili hawa wanakaaje bila kupigana? Kwa mkataba, na mkataba wenyewe ni vitu viwili vya bei nafuu vilivyouzwa kwenye vifuko vya plastiki. Kapasita, kipande cha ukubwa wa kidole, hufungwa njiani mwa twita. Huiruhusu mitetemo ya haraka ipite na kuizuia ya polepole, ambayo ingeichana twita kwa dakika moja. Koili, waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi, hufungwa njiani mwa wufa na kufanya kinyume chake. Nilipozichomelea kwa risasi juu ya kipande cha ubao, moshi wake ule mwembamba wenye harufu ya utomvu ukipanda usoni, nilikuwa na maana ya mpaka mbele yangu: si ukuta, ni mteremko. Kila mmoja hupungua kadiri anavyoingia kwa mwenzake. Mwaka 1976 Siegfried Linkwitz, mhandisi wa Hewlett-Packard, alionyesha namna ambavyo mteremko huo unaweza kupangwa, akifuata mchango wa mwenzake Russ Riley: pale mpakani kila mmoja awe ameshusha shinikizo la sauti yake hadi nusu, na nusu hizo mbili ziwe zinakwenda hatua moja, basi jumla yake ni kitu kizima. Ukisikiliza wufa peke yake kwenye mpaka unasikia kiumbe kinachokata tamaa. Ukisikiliza twita peke yake unasikia mnong'ono. Kwa pamoja, hapana pengo wala kilima.

Kwa hiyo methali haijavunjika. Ilisema hawakai, haikusema hawawezi kukaa zizi likigawanywa na kila mmoja akajua anaishia wapi. Tena hata hapo kuna gharama, na wanaouza spika hizi hawaitaji. Kwenye spika kama yangu ukuta wa pembe ya twita ni koni ya wufa, na koni ni kitu kinachotembea. Besi ikipiga kwa nguvu, karatasi inakwenda mbele na nyuma milimita kadhaa, na sauti nyembamba inayoteleza juu yake inatikiswa nayo. Filimbi inachukua mtetemeko wa ngoma ambao mpiga filimbi hakuutia. Tundu lile la katikati nalo lina kingo, na kwa kuwa kingo zote ziko umbali sawa kutoka kitovuni, dosari zao zote zinamfikia kwa mpigo mmoja yule aliyekaa mbele kabisa, kwenye mstari wa mhimili. Ndiyo maana wajenzi wengi wa koaksiali hawazielekezi puani mwa msikilizaji. Huzigeuza pembeni kidogo, nyuzi kumi au kumi na tano, ili asikilize kwa ubavu. Inanipendeza sana hii. Kifaa kilichofanya bidii yote ya kuwa na kitovu kimoja hakitaki kutazamwa kitovuni. Nadhani hata watu wengi ninaowaheshimu ni hivyo. Ukweli wao unausikia vizuri ukikaa kando yao kuliko ukiwahoji uso kwa uso.

Nikija kwenye suala la nani anasikiliza, hapa ninatofautiana na vitabu. Vitabu vyote vya muziki wa nyumbani vinachora picha moja: spika mbili, kiti kimoja, pembetatu yenye pande sawa, na katika ncha ya pembetatu mtu mmoja, kwa kawaida mwanamume, ameufunga mlango. Nimejaribu kuiweka picha hiyo kwenye nyumba zetu na haiingii. Kwetu muziki husikilizwa na bibi aliyekaa kitandani na mlango wazi, na mtoto aliyelala kifudifudi kwenye mkeka akichora, na dada anayepepeta mchele ukumbini, na mgeni aliyesimama mlangoni akisema hakai, na jirani nje ya dirisha ambaye hajaalikwa lakini ndiye anayejua maneno ya wimbo kuliko wote. Spika ya wima, twita juu na wufa chini, inampendelea aliye kwenye kimo kimoja tu, kimo cha sikio la mtu aliyekaa kwenye kiti. Mtoto wa kwenye mkeka anapata wimbo mwingine. Mgeni wa mlangoni anapata wa tatu. Koaksiali, kwa kuwa haina juu wala chini, haina kushoto wala kulia, inaumwaga wimbo uleule kwa aliyeketi na kwa aliyesimama. Si kwamba waliounda 604 walikuwa wanamfikiria bibi. Walikuwa wanafikiria wahandisi kadhaa waliobanana mezani studio. Lakini kitu kikiwa chema kwa watu waliobanana, kitakuwa chema Manzese.

Boksi lilitengenezwa Keko, kwa maseremala. Nilikwenda na mchoro, na fundi akautazama mchoro kwa adabu, akaukunja, akauweka chini ya pakiti ya misumari. "Niambie ndani unataka nafasi kiasi gani," akasema, "mengine yangu." Nilitaka lita 25. Alitumia ubao wa MDF wa milimita 18, ambao hauna mafundo, na sauti yake wenyewe ni ndogo. Nilikuwa nimetamani mninga, kwa rangi yake na harufu yake, ila mbao nzima hutanuka na kusinyaa, na mbao nzuri mara nyingi ina jambo la kusema; boksi halitakiwi kusema. Debe tupu haliachi kuvuma, na spika ni debe ambalo kazi yote ya fundi ni kulizuia lisivume ovyo. Akaweka ubao wa kukatisha katikati, kutoka ubavu hadi ubavu, na alipogonga kwa kifundo cha kidole kabla na baada, hata mimi nilisikia tofauti: kwanza jibu lilikuwa la mlango, baadaye likawa la ukuta. Duara la spika alilikata kwa msumeno wa umeme uliofungwa kwenye ubao wenye msumari mmoja katikati, akizunguka polepole, vumbi la kahawia likimjaa nyusi na kope. Kisha akalipangusa ukingoni kwa kidole gumba, akapuliza, akapitisha msasa, akapangusa tena. Hakuharakisha. Pale inapokaa spika, hewa ikipenya hata kwa uwazi wa unywele, besi huzomea.

Ndani tulitandika pamba ya msufi, ileile ya mito na magodoro ya zamani, kwa kuwa nyuzi zake zinapunguza mwangwi wa ndani ya boksi na kwa kuwa mama yangu alikuwa na gunia lake. Halafu tukaja kwenye tundu la pili. Boksi la aina hii lina bomba, ambalo pumzi ya nyuma ya koni hutokea kuisaidia pumzi ya mbele. Hesabu zake aliziweka sawa Neville Thiele, Mwaustralia, mwaka 1961, na Richard Small akazikamilisha katika miaka ya 1970, na tangu hapo mtu yeyote mwenye kalamu anaweza kujua boksi lake litaimba wapi kabla ya kukata ubao. Kipande cha bomba la plastiki la maji taka, inchi tatu, urefu wa sentimita 12 hivi, na lita 25 zile zinajibu kwenye hezi 55. Fundi alilishika bomba akaligeuza. "Kaka, hili tena la nini? Umeziba kila mahali kwa gundi, sasa unafungua mlango?" Nikamweleza habari ya pumzi. Akasikiliza, akatikisa kichwa. "Mende watahamia." Tukaweka wavu wa mbu kwa ndani. Sijaona kitabu chochote cha spika kinachotaja mende, na hilo linaonyesha vimeandikwa wapi.

Niliposikiliza kwa mara ya kwanza sikuweka kitu kipya. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri za HMV, mwimbaji wa taarabu wa Kiswahili katika chumba cha kigeni mbele ya mashine ya kigeni. Santuri za wakati ule zina mkondo mmoja tu wa sauti. Hakuna kushoto wala kulia, kuna mbali na karibu. Kwa hiyo nilichomoa waya wa spika ya pili, pacha wa hii, nikaacha moja. Wapenzi wa vifaa wataniona mshamba, lakini kurekodi kwa sikio moja kunastahili kurudishwa kupitia kinywa kimoja, na naona hata nyimbo nyingi za bendi tulizozipata kwenye redio ya mbao, yenye spika moja na betri zake sita, zilituingia kwa njia hiyo na hazikupungua. Nyuma ya mikwaruzo, sauti ikasimama. Haikuwa kwenye boksi. Ilikuwa mahali fulani, na mahali penyewe pana upana wa mdomo. "Sh" zake na "a" zake zilitoka palepale. Kwamba mwili wenyewe uliondoka duniani mwaka 1950 ni jambo ambalo sikio lilikataa kulizingatia. Tulionywa tusiitikie sauti isiyo na mwenyewe, na hii hapa imepewa mahali kwa ubao, gundi na pamba ya msufi. Je, sasa inafaa kuitikiwa? Sijui majini wanasemaje. Mimi niliitikia, kiitikio kizima, kwa sauti mbaya.

Kuna namna nyingine ya kusikiliza ambayo haitaki kitovu kabisa. Kaa juu ya paa Mji Mkongwe wakati wa alfajiri. Msikiti ulio karibu unaanza, wa pili unafuata, na ule ulio mita mia saba kutoka hapo unakufikia baada ya sekunde mbili hata kama muadhini wake ameanza sawa na wenzake. Maneno ni yaleyale, vinywa ni vingi, umbali ni tofauti, na hakuna mhandisi yeyote atakayekaa chini kuyapatanisha kwa kapasita. Pembe za bati juu ya minara hazina besi na zina ukali. Na bado sijasikia mtu akisema mji ule usawazishwe. Hapo mshono ndio wimbo. Ninalitaja hili kwa sababu mtu akishaanza kujenga spika hupatwa na ugonjwa wa kutaka kila kitu kitoke kwenye nukta moja, na dunia haikuumbwa hivyo. Koaksiali ni jibu la swali la sebuleni: sauti ya mtu mmoja, iliyokatwa vipande na mashine, irudishiwe umoja iliokuwa nao. Kwa mji, kwa harusi, kwa ngoma ya uwanjani, swali ni lingine.

Fundi wa Keko alikuja Jumapili kuona kazi yake, amevaa shati la kutokea, flashi mkononi. Aliitia flashi kwenye amplifaya, ikaja singeli, ile ya mwendo wa kukimbiza, na nikaona koni ya inchi nane inaanza kuhema kuliko inavyopenda, na kinanda cha kompyuta juu yake kikitetemeka kidogo kwa kila pigo. Ngoma ikivuma sana hupasuka, na karatasi pia. Nikapunguza. Yeye hakukaa kwenye kiti nilichomwekea. Alisimama mlangoni, akaenda hadi jikoni, akachungulia ukumbini, akarudi. "Maneno nayasikia kote," akasema. "Hata kule kwa mama nayasikia. Ila besi ndogo, kaka. Hii besi ya msiba." Nikaanza kumweleza kwamba mkubwa akiachiwa kuhema sana anamtikisa mdogo, na kwamba ndiyo sababu wanaojua huwapunguzia kazi hawa wawili na kuipa besi ya chini kabisa spika ya tatu, peke yake, kwenye boksi lake. Hakusubiri nimalize. Alikuwa ameshatoa futi mfukoni, anapima nafasi iliyo kati ya friji na ukuta, na bei ya boksi la sabufa ameshaitaja.